Kitanda Kilichotandikwa

Mwamalole, Magu
11 Februari 1996

Mwanangu Wilhelmina,

Salaam nyingi. Mimi mama yako ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Mguu wa kushoto unauma kukiwa na mawingu, lakini huo si ugonjwa, huo ni umri. Ng'ombe nao wazima, isipokuwa yule mwenye baka anaendelea kuwa mwizi wa mahindi ya watu, na mwaka huu atanigombanisha na kijiji kizima.

Jumapili baada ya ibada katekista Alexander alinisimamisha mbele ya watu akaniuliza, "Mama Mina, binti yako siku hizi ni sista?" Nikamwambia hapana. "Basi ameolewa huko Mwanza?" Nikamwambia hapana. Akakuna kichwa. Nami nilikuna changu nilipofika nyumbani. Sista ana shela yake, mke ana mume wake, hata mjane kama mimi ana kaburi lake la kupalilia. Wewe ni nani, mwanangu? Mwaka juzi ulipopunguzwa kazi kule kwenye ushirika nilisema haya, sasa pamba inanunuliwa na kila mwenye lori, ushirika umelegea, mtoto atarudi nyumbani tulime. Badala yake ukaenda kukaa na watu usiowajua ili uwapikie watu wasiojulikana. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi huko jembe mnalitoa siku ya ngapi?

Sikukaripii. Nauliza kwa sababu nyumba imekuwa kubwa tangu baba yako atutoke. Kitanda chako kipo palepale, kile alichokisuka mwenyewe kwa kamba za ngozi. Kila Jumamosi nafua shuka natandika upya. Juzi nyumba ya Ngosha mwenye duka ilijaa wageni wa arusi, binti yake akaja kuomba alale kwenye kitanda chako. Nikamwambia kina mwenyewe. Aliondoka amenuna. Na anune.

Bibi yako Ng'washi, jirani yetu, anakusalimu. Anasema mikono yake ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa, kwa hiyo ana haki ya kukuona kabla hajafa. Kila asubuhi anakuja na kigae chake kuomba moto, kwa maana jiko lake halijawahi kulala na kaa hata siku moja, na kila asubuhi ananiuliza, "Amesema anakuja lini?" Nimechoka kumjibu.

Njoo.

Ni mimi mama yako,
Kashindye


Mkolani, Mwanza
3 Machi 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kwa kuguna, lakini nimeipokea. Mimi sijambo, ile malaria imekwisha. Wewe mguu usiufanyie mzaha, paka mafuta na usiende kisimani wakati wa umande.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikaingia bafuni nikalia kidogo, kisha nikatoka kuosha masufuria, maana hapa masufuria hayamwachi mtu alie akamaliza.

Mwambie katekista kwamba mimi ni mlei kama yeye. Hatuna nadhiri wala sare. Tuko wanne. Mama Getruda, mjane, nesi mstaafu, ndiye aliyeitoa nyumba yake. Yupo Elias, aliyekuwa mwalimu, na Hellen anayeshona, na mimi. Tumekubaliana mambo machache: tunasali pamoja asubuhi, tunakula chakula kimoja na yeyote aliyepo, hatumfukuzi mtu, na hatumpigi mtu hata akitupiga. Hilo la mwisho Elias linamshinda kila anapokumbuka baiskeli yake iliyoibiwa. Lakini mwezi uliopita mwizi wa redio alikamatwa karibu na kwetu, watu wakaja na tairi na petroli. Mama Getruda, na ule unene wake, alikwenda akaketi mavumbini kando ya yule mtu akaanza Salamu Maria kwa sauti. Watu waliona haya kummwagia petroli mama mtu mzima. Wakatutukana, wakatawanyika. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kanga yake kama mtoto.

Jembe hatulitoi, mama. Wengi wanaliomba wenyewe.

Halafu kuna jambo nataka ulijue. Katika vitanda vyetu, kimoja wakati wote kinakaa kimetandikwa bila mtu. Tunakiita kitanda cha ajaye. Hata nyumba ikijaa, hata mimi nikilala sakafuni, hakiguswi mpaka mtu agonge mlango. Akishalala yeye, tunatafuta kingine tunatandika. Ndiyo maana uliposema unanitandikia kila Jumamosi nilishtuka, nikaona kumbe haya niliyatoa kwako. Tofauti ni moja tu, chako kina jina la mtu. Usikasirike nikisema binti wa Ngosha angelala tu.

Mwezi wa sita nakuja tuvune pamba. Mwambie bibi aniwekee michembe, vile viazi vyake vikavu, na asile yote yeye.

Nimekumbuka nyumbani mpaka harufu ya zizi.

Binti yako,
Mina


Mwamalole, Magu
30 Juni 1996

Mwanangu Mina,

Salaam. Mimi nipo. Safari hii hofu ilikuwa kwako kweli, si ile ya kuandika tu. Redio iliposema meli ya Bukoba imezama, nilikaa chini palepale uani. Nilijua huna safari ya Bukoba, lakini moyo wa mama hauna habari na safari za mtu. Kikaratasi chako kilipofika, kwamba nyumba imejaa ndugu wa marehemu, wanalala mpaka jikoni, na huwezi kuja kuvuna, nilisema sawa. Na ni sawa. Lakini pamba nimeivuna na Ng'washi peke yetu, na kila lori lililopunguza mwendo kule barabarani niliinua kichwa.

Binti wa Ngosha angelala tu, unasema. Kitanda ni chako, ukitaka kukigawa njoo ukigawe mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo baya. Unamkumbuka Malimi, mtemi wa sungusungu wetu, walinzi wa kijiji. Si mtu mbaya. Mwaka ule ng'ombe wetu walipoibwa, yeye na vijana wake waliwafuata mpaka kule Bariadi wakawarudisha wote, na baba yako alilia kwa furaha. Basi mtoto wake mdogo aliamka na homa, jioni akafa. Wakaenda kwa mganga. Wakarudi na maneno kwamba aliyemla mtoto ni bibi kizee, anaishi peke yake upande wa machweo, ana macho mekundu.

Mina, nani hapa kwetu hana macho mekundu? Miti tuliimaliza zamani, tunapikia vinyesi vya ng'ombe na mabua ya pamba, moshi unatutoa machozi tangu tukiwa wasichana. Yangu nayo yameanza. Lakini upande wa machweo, peke yake, ni Ng'washi.

Walipiga filimbi tukakutana. Ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji, Ngosha asimuuzie chumvi wala kiberiti. Atakayefanya hivyo atatoa ng'ombe na kutengwa pamoja naye. Na kutengwa ni hatua ya kwanza. Kijiji cha jirani mwaka jana hatua ya pili ilikuwa panga.

Kesho yake asubuhi alikuja na kigae chake kama kawaida. Akasimama pale penye ua wa minyaa. Hakuita. Mimi nilikuwa nimeinama napuliza moto wangu, nikaendelea kuupuliza ingawa ulikuwa umeshawaka. Nilipoinua uso ameondoka.

Sijui kwa nini nimekuandikia hili. Sina mwingine wa kumwambia.

Mama yako,
Kashindye


Mkolani, Mwanza
14 Julai 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi ni wazima, nasema hivyo haraka ili nifike kwenye jambo lenyewe.

Mama, mpe moto. Nakuomba. Yule ndiye aliyenipokea duniani, ndiye aliyelala nasi wiki nzima baba alipofariki. Ukinyamaza na wewe, amebaki na nani? Tulisali kwa ajili yake asubuhi, na mama Getruda akasema maneno ambayo sijayasahau, kwamba ubaya hauhitaji watu wengi wabaya, unahitaji tu watu wazuri walioinama wanapuliza moto ambao umeshawaka. Nilimsomea barua yako, nisamehe. Bwana alisema yeye ndiye anayekuja kwa sura ya mgeni. Mimi naamini ndiye aliyesimama pale penye minyaa.

Usiogope kutoa ng'ombe. Usiogope watu. Hapa nimejifunza kwamba mtu akisimama wazi bila fimbo, wenye fimbo wanaishiwa nguvu.

Au mlete kwetu. Kitanda cha ajaye kipo.

Binti yako anayekupenda,
Mina


Mwamalole, Magu
4 Agosti 1996

Wilhelmina,

Mimi mzima. Nadhani na wewe mzima, maana mkono wako una nguvu sana ya kuandika.

Kwa hiyo barua za mama yako zinasomwa kwenye sala ya asubuhi. Na mama Getruda, ambaye hajawahi kukanyaga Mwamalole, ameniona nimeinama jikoni. Mwambie nimemsalimu.

Mtu akisimama wazi bila fimbo! Mwanangu, wewe ulisimama nyuma ya kanga ya mtu mnene, mjini, penye kituo cha polisi na watu wasiojua jina lako. Kesho yake ulikwenda sokoni ukanunua nyanya. Mimi hapa nikitengwa, nani atanichotea maji mguu ukiuma? Nikiugua, nani atanipeleka Magu? Nikifa, nani atachimba? Moto si kikombe cha chai cha kumpa mgeni halafu mkaimba. Na ng'ombe niliobaki nao ni jasho la baba yako.

Unafikiri simwoni? Kila siku namwona. Anakwenda kuokota mabua peke yake, anakula mihogo mibichi. Kanga aliyonipa nilipokuzaa bado ninayo. Juzi tulikutana njiani, nikatazama majani. Akapita. Alikuwa ananuka baridi, kama jiwe la kusagia asubuhi. Halafu wewe unaniambia mpe moto, mpe moto, kana kwamba mimi sina kinywa cha kujiambia mwenyewe.

Usiniandikie tena habari hii.

Kitanda chako kipo.

Mama yako


Mkolani, Mwanza
25 Agosti 1996

Mama,

Shikamoo. Umesema kweli tupu. Nilikuandikia nikiwa nimeshiba, nikiwa nyuma ya ukuta wa watu. Barua zako sitamsomea mtu tena. Mama Getruda mwenyewe alipoisikia hasira yako alisema, "Mama yako ndiye anayejua bei." Akaenda kupalilia mchicha.

Sikuombi chochote. Nakuomba tu uniandikie, hata kunitukana.

Mina


Mkolani, Mwanza
6 Oktoba 1996

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama wewe ni mzima, na safari hii nauliza kweli.

Bibi Ng'washi yuko hapa. Alifika Jumanne saa ya chakula cha mchana juu ya lori la pamba la mnunuzi mmoja binafsi, amefunikwa pamba nywele zote. Dereva alisema, "Huyu bibi nimepewa na mama mmoja kule njiani, akaniandikia jina la nyumba hii mkononi kwa peni." Mkono ulikuwa na mwandiko wako, mama. Nilishuka ngazi nikaukamata mkono ule wa mtu nisiyemjua, nikauangalia mpaka akaona aibu.

Bibi alikuwa amekumbatia kitu ndani ya kanga. Nilifikiri ni chakula. Ni kigae chake. Alikataa kukiacha kijijini.

Alikula, akalala, akaamka, akala tena. Hatukumuuliza neno. Siku ya tatu alianza mwenyewe. Anasema ilikuwa siku ya kuuza pamba, watu wote wamekusanyika kwenye mizani, madereva wa malori wamekaa kivulini. Ukatoka kwako mchana kweupe na moto kwenye kigae, moshi unakufuata, ukapita katikati ya watu unachechemea na huo mguu. Malimi akasimama mbele yako. "Mama Mina, unajua unachokifanya?" Ukamwambia, "Najua. Napeleka moto." Akasema, "Utatoa ng'ombe." Ukamwambia, "Mchukueni yule mwenye baka, ameshanichosha." Bibi alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka. Anasema mlipika ugali pamoja kwake mkaula, na kwamba ukamshika mkono ukampeleka kwa dereva ambaye hajui sheria za Mwamalole.

Ulifanya lile nililokuambia, na sasa natamani usingenisikiliza. Nimekuwa mtu wa namna gani?

Nilifunga mfuko nije kesho yake. Bibi akanishika. Akasema umeagiza nisije, kwamba nikija nitafuatwa nikirudi, na nitakuwa nimewaonyesha alipo. Kwa hiyo nimekaa. Mfuko uko chini ya meza, haujafunguliwa.

Bibi amelala kwenye kitanda cha ajaye. Tumetandika kingine. Hicho nimekitandika mimi, kwa shuka yangu nzuri, na nimevunja kanuni ya nyumba, maana nimekipa jina la mtu. Njoo, mama. Panda lori lolote.

Binti yako,
Mina


Mkolani, Mwanza
15 Desemba 1996

Mama,

Shikamoo. Tangu mwezi wa nane sina hata mstari wako.

Wiki iliyopita nilishindwa, nikaja mpaka Magu mjini. Sikuvuka kuja kijijini, nimetii. Nilikwenda parokiani kuuliza, nikakuta barua zangu zote za tangu mwezi wa kumi kwenye droo, hazijafunguliwa. Katekista Alexander hazileti tena kwako. Alikuwepo, akatazama viatu vyake akasema, "Nisamehe, dada, nina watoto." Nilitaka kumkasirikia, nikakumbuka barua yako ya mwezi wa nane, nikashindwa. Akaniambia kwamba upo, kwamba jioni moshi unaonekana kwako. Nilisimama kituo cha mabasi nikatazama upande wa nyumbani ingawa hakuonekani kitu.

Padre atakuja kigangoni kwenu Noeli. Nimemwachia zote na hii nitamtumia, akupe mkononi.

Kile kitanda nilichokutandikia hakipo tena. Alikuja mwanamke kutoka Geita amepigwa na mumewe, ana mtoto mgongoni, na ndicho kilichokuwa kimebaki. Niliposhika mlango nilitamani kumwambia kina mwenyewe. Nikamkaribisha. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Nimetandika kingine, lakini sasa naogopa kukipa jina.

Nimemwambia mama Getruda kwamba baada ya Pasaka naondoka. Narudi nyumbani moja kwa moja. Watutenge sote wawili, tutasalimiana wenyewe. Bibi Ng'washi ana nguvu sasa, ndiye anayewasha jiko la nyumba hii kila asubuhi na hataki mtu mwingine aliguse. Wewe ndiye usiye na mtu. Uliniita mapema, na mimi nikaja na hadithi za vitanda.

Nakuja, mama. Nisubiri.

Mina wako


Mwamalole, Magu
2 Machi 1997

Mina, mwanangu,

Salaam nyingi, tena nyingi. Mimi ni mzima. Nimekonda, lakini hata zamani sikuwa mnene kama wenzako wa Mkolani. Hofu ni kwako, maana najua unavyolia.

Usishangae karatasi. Ngosha hakuniuzia daftari muda wote huu, kwa hiyo nimeandika nyuma ya barua yako, ile ya kuniomba msamaha. Hiyo sikuwa na haja nayo tena. Nyingine nimezitunza. Padre alinipa zote siku ya Noeli mbele ya watu, mkononi, akanisalimu kwa sauti. Akahubiri sana. Watu waliinamisha vichwa, kisha wakaenda zao bila kunisemesha. Nilikwenda nazo nyumbani nikazisoma kwa kujibana, moja kwa siku, kama mtu mwenye sukari kidogo.

Uliuliza umekuwa mtu wa namna gani. Acha kujipa ukubwa. Sikutoa moto kwa sababu uliniambia. Nilitoa kwa sababu asubuhi ile Ng'washi hakutoka kabisa, na mimi nilijikuta nimemwekea kaa pembeni ya jiko kama kawaida, na kaa lile likawa linanitazama.

Ng'ombe walimchukua siku ileile. Na mimi wakanitenga. Sasa nakuambia wewe unayekaa na watu waliofukuzwa, ujue, kigumu si moto wala maji. Moto niliulinda, maji nilikwenda polepole. Kigumu ni salamu. Ilifika mahali naamka namwambia ndama "mwangaluka" nikisubiri ajibu. Nilikuwa nalitaja jina lako kwa sauti ili nisikie mtu akiitwa. Nimekukumbuka, Mina, mpaka nikakukasirikia.

Nilikuwa hivyo mpaka mwezi uliopita. Ng'ombe wa Malimi walianza kufa, mmoja baada ya mwingine. Wenzake wa sungusungu wakaenda kwa mganga yuleyule. Unajua waliporudi walimtaja nani? Mama yake Malimi. Bibi, macho mekundu, upande wa machweo. Na kweli, Ng'washi ameshaondoka, upande wa machweo aliyebaki ni nani?

Nilikuwa nakamua jioni. Nikasikia mtu anakohoa penye minyaa. Nikageuka, Malimi, bila fimbo, bila filimbi, na mama yake nyuma yake amejifunika kanga kichwani. Nikamwambia, "Malimi, unajua ukinisemesha unatoa ng'ombe?"

"Najua, mama."

"Basi nirudishie yule mwenye baka."

"Yule tulishamla, mama."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu pale zizini mpaka ng'ombe akasogea. Yeye hakucheka. Alikuwa analia kimyakimya, mwanaume mzima, akasema, "Mtunze huyu kwa siku chache. Kwako hawatakuja, wanakuona umeshatengwa, hakuna cha kukufanya tena." Sitaki nikudanganye kwamba nilimsamehe palepale. Nilimwacha amesimama mpaka nilipomaliza kukamua, na nilikamua polepole. Lakini bibi alikuwa anatetemeka, na ananuka ile baridi niliyokuambia. Nikamwita aingie. Nikampa uji. Hakuniangalia usoni, na mimi sikumlazimisha.

Siku chache zimekuwa wiki. Malimi amerudisha filimbi, anasema hawezi kuwaongoza watu wanaomtafuta mama yake. Watu wamechanganyikiwa, hawajui nani amtenge nani. Ngosha ameniuzia chumvi akijifanya hakuniona vizuri. Alexander amenisalimu kwa mbali, kwa kupunga mkono kama anafukuza kuku. Hatari haijaisha, usije ukamrudisha Ng'washi kwa furaha. Mwambie tu kwamba mama yake Malimi anawasha jiko langu vibaya sana, na kwamba kila asubuhi natazama ule ua wa minyaa.

Sasa jambo la kurudi kwako. Mwaka jana nilikuambia njoo, nikamaanisha urudi usiondoke tena. Kila Jumamosi niliposhika ile shuka nilikuwa nasema hivyo moyoni. Na ukitaka kujua ukweli, leo bado nasema. Lakini yule mwanamke wa Geita mwenye mtoto angefikia wapi kama ungekuwa hapa unanichotea maji? Usiondoke huko, Mina. Imeniuma kuandika sentensi hiyo, nimeiacha nikaenda kulisha kuku, nimerudi nimeikuta bado ni ya kweli. Usiondoke.

Lakini Pasaka njoo. Sasa unaweza kuja wazi, hakuna wa kukufuata, wana mambo yao. Nimepata michembe. Utakuwa mgeni wangu siku mbili, ya tatu nakupa jembe, kuna palizi inanisubiri na huyu bibi hawezi kuinama.

Neno moja la mwisho, usije ukafika ukashangaa. Siku ile bibi alipomaliza uji alianza kujinyoosha sakafuni kando ya jiko. Nilisimama mbele ya kitanda chako muda mrefu. Shuka nilikuwa nimeifua Jumamosi ile. Nikamshika mkono nikamwambia, "Panda, kimetandikwa."

Kwa hiyo, mwanangu, kitanda chako kina mtu. Ukija utalala na mimi, kama zamani.

Ni mimi mama yako,
Kashindye